Mzee wa Pembe Aliyefunga Mkanda

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na pombe sinywi. Shule niliishia darasa la nne, lakini duara, yaani shimo la dhahabu, kule Mwakitolyo nililichimba kwa mikono hii, na ndilo lililonifanya niitwe bosi. Mtu kama mimi atunge uongo ili apate nini?

Ilianza na gari. Nililiagiza Japani. Siku nalisafisha, nikakuta kisanamu chini ya kiti, ukubwa wa kidole gumba, rangi ya maziwa yaliyoungua, kinang'aa kwa kushikwashikwa. Ni mnyama aliyesimama kama mtu, kavaa joho, kashika fimbo, na mkia unachungulia chini ya joho. Mgongoni ana matundu mawili.

"Fisi huyo," akasema mke wangu, Mama Kulwa. "Mtoe nyumbani kwangu."

Nikakipeleka Geita kwa Seifu, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa pwani anayejua kila kitu, au ndivyo anavyojiona. Akavaa miwani.

"Si fisi, Baba Kulwa, ni mbweha. Kachongwa kwenye pembe ya kulungu wa Japani, zile pembe zenye matawi. Kazi ya zamani sana hii. Mavazi ya wazee wao hayakuwa na mifuko, basi walipitisha kamba kwenye matundu haya, wakaning'iniza mfuko wa tumbaku kiunoni. Na mbweha wa kwao, wanasema, hujigeuza mtu."

Haya, niambie wewe. Kwetu huku pembe yenye tundu ina kazi gani? Kuna mtoto asiyejua? Hujazwa dawa! Nikaenda Didia kwa mganga, akayajaza yale matundu unga mweusi, akaziba kwa nta, tukakizika mdomoni mwa duara ili kivute dhahabu. Wachimbaji wangu wakashangilia.

Haikupita wiki, natoka tena Didia, nikamwona mzee kando ya barabara, kajifunika joho zito kwenye jua la kupasua kichwa. Mimi wazee siwaachi njiani. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, sauti kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Akapanda nyuma, akafunga mkanda. Nani huku hufunga mkanda kiti cha nyuma? Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

"Mwanangu, mbona mmeniziba?"

"Nani kakuziba, mzee?"

"Nyinyi. Sipumui. Halafu watu wako wanakojoa palepale juu yangu. Mimi nilichongwa nikae kiunoni, nitembee, nione watu. Hiyo dhahabu mnayonituma nikaitafute wapi?"

Nikatazama kwenye kioo. Naapa, mkia ulikuwa umelala juu ya kiti changu, mnene, mwekundu kama vumbi la barabarani.

Sijakaa sawa, ile sauti ya mwanamke wa kuelekeza njia, inayokuja na redio za magari ya Japani, kwangu bubu tangu nilinunue, ikaanza kusema Kijapani. Na mzee akaijibu! Wakapiga soga, wakacheka, kama watu wa kijiji kimoja waliokutana ugenini, na mimi mwenye gari nimekuwa dereva wao.

"Jamani, si mniambie mnachocheka?" nikafoka. Hofu ninayo, ndiyo, lakini dharau nayo ina kiasi chake.

Nikageuka. Kiti kitupu, mkanda umefungwa.

Nikaenda moja kwa moja hadi duarani, nikashika jembe. Masanja, msimamizi wangu, akanizuia.

"Bosi, ukiitoa hiyo dawa, hakuna atakayeshuka humu tena. Unajua."

Nilijua. Duara lililofukuliwa dawa hakuna mtu anayeligusa, hata mwenye njaa. Nikasimama pale na jembe langu, nikilitazama duara langu. Ndipo kikasikika kikohozi chini ya udongo. Cha mzee, kimezibwa. Masanja alikisikia, ingawa mpaka leo anakana. Nikachimba.

Wachimbaji waliondoka jioni ileile, na Masanja akiwa wa kwanza. Duara limeota nyasi. Kisanamu nimekitoa unga wote kwa sindano ya Mama Kulwa, nimekipitishia kamba, nakivaa kiunoni na mfuko wa tumbaku, na mimi hata sivuti! Siku nikikisahau nyumbani, yule mwanamke wa redioni anafoka njia nzima, na Shinyanga yote hii nani atanitafsiria?

Kwa hiyo wewe uliyeagiza gari, pekua chini ya viti kabla hujaliwasha. Ukikuta kitu kidogo chenye matundu mawili, usikitafutie kazi mpya. Muulize Seifu, hata kama anaudhi.

Jana nilikisahau tena kisanamu nyumbani. Nikiwa njiani, katikati ya kile Kijapani chake, nikamsikia yule mwanamke wa redioni waziwazi akisema, "Baba Kulwa." Niligeuza gari, nikarudi kukichukua.