Chumvi ya Kila Asubuhi

Samaki wa kwanza kufa katika tangi langu aliuawa na mwenzake. Yule wa bluu, mdogo kama kidole gumba, alimkimbiza wa manjano kutwa nzima, akamrarua mapezi, kisha akamtoboa jicho. Nilivuta kiti nikatazama mpaka mwisho. Mke wangu aliniambia nimtoe mmoja nimweke kwenye ndoo. Nikamjibu aache, wanaume wanamaliza mambo yao. Nakumbuka nilifurahi. Nilimpenda yule mdogo asiyevumilia upuuzi, nikajiona mimi mwenyewe mle ndani.

Ninauza sola na betri sokoni Baraka, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, na watu wananijua kwa mkono mwepesi. Kuna dereva wa pikipiki aliyenivunjia paneli njia ya Misisi. Nilimpiga yeye, kisha nikaipiga mateke pikipiki yake mpaka taa ikang'oka. Tangi kama hili nililiona kwanza Dar es Salaam nilikofuata mzigo, sebuleni kwa muuzaji wangu wa jumla: matumbawe laini yanayopepea kama vidole, na samaki wa rangi ambazo sijapata kuziona ziwani kwetu. Nililitaka palepale. Nilisafirisha viumbe wale ndani ya mifuko iliyojazwa hewa, treni hadi Kigoma, boti hadi Baraka, nikimtukana kila aliyetaka kukalia katoni yangu. Majirani walikuja kutazama bahari iliyo ndani ya salon, sebule yetu. Wengine walichovya kidole, wakaonja, wakatema, nami nikawafukuza.

Maji ya bahari yana kiasi chake cha chumvi. Muuzaji alinipa kipimo cha kuchungulia kwa jicho moja: unadondoshea tone la maji, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma alama. Thelathini na tano ndiyo salama. Nilikitumia siku ya kwanza nikakifungia kabatini, maana kazi niliiona rahisi. Kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua kwa joto, karibu lita moja. Nami kila asubuhi nilichanganya lita moja na chumvi ya bahari niliyokuja nayo, kwa kijiko kilekile, bila kukosea hata punje, nikajazia. Bahari ina chumvi, basi naiongezea maji yenye chumvi. Kwetu ziwa linapanda na kushuka miaka yote na maji yake ni yaleyale. Nani angenifikirisha vingine?

Baada ya mwezi mmoja matumbawe yalijikunja kama ngumi. Samaki wakawa wanahema haraka haraka juu ya maji. Asubuhi moja nikamkuta yule wa bluu, mbabe wangu, ameelea ubavu. Damu ilinichemka. Nilitoa kipimo kabatini nikachungulia mara tatu, na mara zote tatu kilisema arobaini na nne. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa ametia chumvi. Na katika nyumba ile mtu mwenye chumvi alikuwa mmoja tu.

Mke wangu ni mzaliwa wa Swima, kwa watu wanaotia samaki chumvi na kuwaanika, na biashara hiyo alikuja nayo kwangu. Alikuwa uani na wanawake wawili waliokuwa wakimsaidia, mikono imejaa chumvi hadi viwikoni.

"Nani ametia chumvi ndani ya tangi?" nikamuuliza.

"Weye," alisema, hata hakuinuka. "Kila asubui unawekaka. Maji inakaukaka, chumvi inabakiaka. Angalia beseni yangu: mi naachaka maji ya chumvi ku jua, kisha nakuta chumvi tupu. Ungeongezaka maji ya bule, yenye haina chumvi."

Wale wanawake wakacheka. Naapa sikusikia maneno yake, nilisikia kicheko tu. Au labda niliyasikia vizuri sana. Nilimpiga kofi la shavu kwa mkono wa kulia, kwa nguvu zangu zote, akaangukia samaki wake. Nikamwinua kwa kitenge nikampiga tena palepale, na tena, nikipiga kelele arobaini na nne, arobaini na nne, kana kwamba kipimo kile kilinipa ruhusa. Mmoja wa wanawake alinipiga na beseni mgongoni, mwingine akaning'ata mkono. Waliponiachanisha naye, damu ilikuwa ikimtiririka shingoni, imechanganyika na chumvi. Hakulia. Alinawa, akachukua nguo zake, akapanda pikipiki kurudi kwao.

Mimi nilikwenda kumpigia simu muuzaji wa Dar. Ndiyo, mke wangu ametoka anavuja damu, na mimi ninauliza habari za samaki. Nilimweleza kwamba kuna mtu ameniharibia maji. Akaniuliza ninajazia nini yanapopungua. Nikamwambia, kwa kujisifu hata.

"Ah, kaka," akasema, "kinachokauka ni maji. Chumvi haiendi popote, inabaki. Unatakiwa kujazia maji yasiyo na chumvi. Umekuwa ukiwatilia chumvi wewe mwenyewe kila siku!"

Naye akacheka. Alikuwa mbali, sikuwa na wa kumpiga. Nilikaa sakafuni na simu sikioni, nikayasikia maneno ya mke wangu moja moja, jinsi alivyoyasema. Aibu ilinipanda.

Muuzaji alinionya nisifanye pupa. Chumvi ikishushwa ghafla, waliobaki watakufa. Isishuke zaidi ya alama moja kwa siku, basi. Kila asubuhi nichote jagi la lita mbili, nimwage, nirudishe maji ya mvua ya kiasi hicho pamoja na kufidia yaliyokauka, polepole, kisha nipime. Tangi langu ni la lita mia moja, jagi moja linatosha kwa siku.

Siku ya pili tayari nilitaka kumwaga ndoo nzima yaishe. Nilitupa jagi ukutani likapasuka, nikaenda sokoni kununua lingine. Juu milimani risasi zilikuwa zikilia wiki ile, watu wakishuka na magodoro kichwani wakikimbia vita, na mimi nimeinama mbele ya kioo nadondosha maji ya mvua. Samaki mwingine alikufa, nikavunja kiti. Lakini sikuongeza jagi la pili. Arobaini na tatu. Arobaini na mbili. Nyumba ilikuwa kimya, na kila nilipochungulia kipimo nilimtaka mke wangu arudi. Sikutaka kitu kingine. Siku ya kumi na moja kikasema thelathini na tano. Tumbawe moja lilikuwa limefunguka, na hapakuwa na mtu wa kumwita aje aone.

Nikaenda Swima na mbuzi na kitenge kipya. Mashemeji zangu watatu walinipokea barabarani.

"Ulimupiga juu ya nini, sababu gani?" mkubwa wao akaniuliza.

"Juu ya tangi ya samaki."

"Samaki ya kula?"

"Samaki ya kuangalia."

Hapo ndipo walipoanza. Walinipiga ngumi za mbavu, wakanipiga mateke nilipoanguka, jino likatoka. Kwa mara ya kwanza maishani sikurudisha. Mama mkwe alipopiga kelele kwamba inatosha, nilijifuta damu nikaenda kukaa kwenye mkeka karibu na mke wangu, upande wa kushoto kwake. Nilisema yote niliyokuja nayo, kwa sauti ya chini, kwa sababu kiburi hakikutaka mashemeji wasikie. Yeye alitazama mbele tu, anachambua samaki. Nikamaliza. Hakugeuka. Na nitasema kweli: nilihisi hasira inapanda tena, vidole vikajikunja vyenyewe. Nimepigwa, nimejishusha, na hata jibu ananinyima!

"Kule hasikie tena," mama mkwe akasema. "Ile sikio ulishaiua. Pita upande ingine."

Niliinuka nikazunguka. Nilipoinama ili nikae upande wa kulia kwake, aliacha samaki, akalikinga sikio lililobaki kwa kiganja, akajikunja hadi magoti yakagusa kidevu. Alidhani nakuja kumpiga.

Sikukaa. Nilirudi nyuma mpaka kwenye ua, nikangoja ashushe mkono, nikasema nimesimama huko mbali, kwa sauti ya kumfikia, majirani wote wakisikia: ulisema kweli, chumvi niliitia mimi, nami nilikupiga kwa kuwa ulikuwa unajua na mimi sijui.

"Nimesikia," alisema. Kisha akaendelea kuchambua samaki wake. Wakwe zangu walimpokea mbuzi, na mke wangu hajarudi.