Nyonga Tisa za Kondoo Wawili

Gari lilikuwa limekwisha kuvuka kilele na kuanza kushuka upande ambao Turdakun hakuwahi kuukanyaga, ndipo alipokumbuka kupapasa kisu chake. Kilikuwepo ndani ya koti, kimefungwa kitambaani, kimetulia kama mtoto aliyeshiba. Theluji ya mwezi wa tano ililala kandokando ya njia, na huko chini, kwenye majani ya kwanza, lilionekana hema letu jeupe la sufu likifuka moshi. Hapo ndipo alipoitwa kugawa nyama.

Maisha yake yote ya kazi Turdakun alikuwa mlinzi wa mlango wa benki kuu, kule mji mkuu, Bishkek. Aliwafungulia magavana mlango wakiingia na tabasamu, akawafungulia tena wakitoka na maboksi yao. Alipostaafu alirudi bondeni kwao na vitu viwili: maumivu ya magoti na maneno "uhuru wa benki kuu", ambayo aliyatumia popote, hata mkewe alipomuuliza kwa nini vikombe havijaoshwa.

Lakini kisu alikijua. Katika bonde lake hakuna karamu iliyowahi kuvunjika mikononi mwake, na Wakirgizi wanajua karamu huvunjikia wapi. Kila mfupa wa kondoo una mwenyewe, na nyonga ni ya wakubwa kwa umri kuliko wote. Mnyime nyonga anayestahili, na ukoo mzima utatandika farasi urudi kwao. Mgawaji aliyevunja karamu haitwi tena, si huku wala kule. Bonde hili jipya likimkubali leo, ataitwa kwenye karamu kuu ya vuli. Likimkataa, habari zitamtangulia nyumbani.

Hemani redio ilikuwa ikinguruma. Wabunge walikuwa wanagombana: gavana wa benki kuu afukuzwe na rais wakati wowote, au aachwe amalize muda wake?

"Aliyemweka si ndiye amwondoe?" alisema Mzee Mukay, ambaye kwa umri hakuna aliyemfikia hapo. "Mimi nikiweka mchungaji, nikaona kondoo wanakonda, nikae nisubiri muda wake uishe?"

"Mchungaji sawa, mzee wangu," Turdakun alidakia kabla hata ya kuonja maziwa ya farasi aliyopewa. "Lakini serikali ina mkono mwepesi. Uchaguzi ukikaribia, inamwambia gavana, chapa noti. Gavana akiogopa kufukuzwa, atachapa. Kesho unakwenda kununua mkate na gunia la pesa. Benki kuu iwe huru!"

"Kwani wewe ulikuwa gavana?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Ahaa! Basi na paka wangu ni mpishi, maana hulala jikoni."

Hema zima likaangua kicheko. Bibi Kalyskan, aliyekuwa akimimina maziwa, alisubiri kitulie. "Na huyo gavana wako akikosea, nani anamuuliza?"

"Haulizwi na mtu, bibi. Ndio uhuru wenyewe."

"Marehemu mume wangu naye alitaka uhuru wa namna hiyo," alisema bibi. "Hakuupata."

Turdakun akaona afadhali aende kwenye sufuria la nyama. Huko nje alimkuta Ernis, mwenyeji wake na mkuu wa kijiji, ambaye naye alikuwa na uchaguzi wake mwezi ujao. Ernis alikuwa amesimama mbele ya ndoo, kama mtu anayeficha kitu.

"Kaka, kondoo ni wawili, sivyo?"

"Ndiyo. Nyonga nne."

"Nimeahidi tisa."

Upawa ukamponyoka Turdakun ukazama kwenye supu.

"Ningefanyaje?" Ernis alinong'ona. "Kila mzee ana ukoo, kila ukoo una kura. Nyumba ya kwanza niliahidi nyonga. Ya pili niahidi nini, mbavu?" Akasogea pembeni. Ndani ya ndoo mlikuwa na nyonga tano za kutoka buchani sokoni.

"Chinja kondoo wengine."

"Kondoo wa nini? Shida yetu ni nyonga tu. Tia humo, zichemke pamoja, nani atajua?"

"Haiwezekani!" Turdakun alinyoosha mgongo kama zamani mlangoni. "Sufuria hili ni benki kuu. Mimi ni huru."

"Sufuria ni la nani?"

"Lako."

"Kondoo?"

"Wako."

"Na mgawaji wa karamu ya vuli anateuliwa na nani?"

Turdakun aliutazama mlima. Kinywa chake kilikuwa bado kinasema hapana, lakini mkono ulikuwa umekwisha kufunua kifuniko.

Sinia zilipoingia, mambo yalianza vizuri. Kila mzee alitazama mbele yake, akaona nyonga, akatoa kifua mbele. Kisha kila mmoja akatazama mbele ya jirani yake. Vifua vikarudi ndani. Redio ikabaki ikisema peke yake.

"Ernis, mwanangu," Mzee Mukay alisema polepole, "kondoo wa kwenu wana makalio mangapi?"

Hakuna aliyecheka. Mzee aliugeuza mfupa wake. Ulikuwa na kovu jeupe, lililonyooka. "Na huu umekatwa kwa shoka."

Hapo hata wanawake waliacha kumimina. Kwetu mfupa wa mgeni hufunguliwa kwenye kiungo, kwa kisu. Shoka ni la wauza nyama na la kuni. Mzee mmoja tayari alikuwa anatafuta buti zake.

"Mimi sikugawa!" Ernis aliruka. "Mgawaji ni huru, kasema mwenyewe! Haulizwi na mtu!"

Macho yote yakamgeukia Turdakun. Safari hii aliyaacha yale maneno yake ya uhuru.

"Aliyeziahidi ni Ernis," alisema. "Lakini kifuniko nilifunua mimi. Niliitaka karamu ya vuli. Niulizeni mimi."

Akapiga magoti, magoti yakalia, akakusanya nyonga zote tisa, akazitenga zile za shoka. Nne zilizobaki alisema zitakwenda kwa wakubwa wanne, basi kila mtu ataje umri wake. Wazee waliokuwa wakijipunguzia miaka mbele ya wajane waliirudisha haraka na kuongeza riba. Mmoja alizeeka hadi Bibi Kalyskan akamkumbusha kwamba sasa amempita baba yake mzazi. Lakini buti zilivuliwa tena, watu wakala.

Wakati wa kuagana bibi alimfuata Turdakun garini. "Wazee wamesema vuli utakuja. Ernis hatasogelea sufuria. Lakini kabla ya kugawa, kifuniko unafunua mbele yetu, kila ukoo mtu mmoja, tuone kilichomo."

"Bibi, huo tena si uhuru."

"Unakuja au huji?"

Turdakun alikifunga kisu kitambaani, akakifungua, akakifunga tena. "Nitakuja."

Mgeni haondoki mikono mitupu, basi akapewa mfuko wake wa nyama: nyonga tano za shoka, ambazo hakuna mwingine aliyezitaka. Gari likapanda mlima, Turdakun amepakata heshima za wazee watano, akiwaza atamwambia nini mkewe.

Sisi tuliobaki tulirudi hemani. Wabunge walikuwa bado hawajapiga kura. Mzee Mukay alimwambia Ernis aongeze sauti ya redio, na Ernis akaongeza bila kuuliza kwa nini.