Mshono wa Mlangoni

Jirani yangu fundi cherehani hakati uzi mpaka mshono uishe, na mkasi wake ni meno. Vidole vyake vimechomwa sindano mpaka sindano zenyewe zinaona haya. Juzi jioni shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuja na mkokoteni. “Ile sheria mpya ya kuwaachia wajane nyumba inaanza kesho. Leo toka!” Cherehani ilikuwa imeziba mlango. “Ngoja nimalize mshono huu, shemeji, nikupishe,” akasema, mguu haukomi kukanyaga. Akashona pazia likapita barabara, likavuka mto, wallahi! Shemeji akasinzia juu ya mkokoteni. Kulipokucha, fundi akauma uzi. “Haya, pita sasa, shemeji. Mgeni wangu wewe, karibu chai.”