Mjomba Aliyepoteza Ladha ya Pombe Yake

Naikumbuka siku moja ya masika, mwanangu. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, barabara ya kwetu Matombo ikawa tope tupu, nami nikatoka kwa mama nimeshika ndala mkononi, naenda kumjulia hali mjomba Damasi.

Mjomba Damasi alikuwa kaka wa mama yangu, tumbo moja. Kwetu Uluguru mjomba si mtu wa kumsalimia na kupita. Ndiye mwenye sauti katika mambo yako. Mke wake, Agata, alikuwa amefariki kabla mvua hazijaanza. Mimi nilikuwa bado kijana, lakini ndoa ilikuwa imenishinda, nikarudi kwa mama, na siku zangu zilikuwa ndefu sana. Asubuhi ile mama aliniambia, "Tekla, nenda kwa mjomba wako. Yuko kule peke yake na mitungi yake."

Mjomba alikuwa mpika pombe. Usifikirie kilabu cha kelele na ngoma. Ilikuwa nyumba ndogo yenye kibanda nyuma, katikati ya migomba, na watu walikuja Jumapili wakitoka misani. Alipika za aina tatu: ya ulezi, ya ndizi, na ya asali. Hii ya asali ilikuwa kali kiasi kwamba aliitoa kwa kikombe kidogo, na hakumwongezea mtu mpaka amemwona akisimama na kukaa bila kuyumba. Kazi waligawana. Mjomba alipika, Agata alionja. Yeye ndiye aliyenusa kimea, ule ulezi uliooteshwa na kukaushwa, akajua kama kinafaa. Yeye ndiye aliyechota pombe kidogo kutoka mtungini, akaiweka chini ya ulimi, akafumba macho, kisha akasema "Bado" au "Tayari." Sikuwahi kumsikia mjomba akimbishia.

Nilimkuta amekaa kibandani, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Tekla. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amenituma nikuone."

"Basi umeniona." Akainuka, akachota kikombe cha pombe ya ulezi, akanipa. "Onja."

Nilionja. Mwanangu, mimi nilikuwa nimekunywa pombe ya nyumba ile tangu nilipokuwa mtu mzima, naijua. Pombe ya ulezi ya Agata ilianza na utamu mdogo kama wa uji, ikaja ladha ya kuokwa, halafu ikaisha kavu, yenye uchungu kidogo, ukabaki unatamani tena. Hii ilikuwa na harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Kimea kilikuwa kimeota ukungu. Masika ile hapakuwa na jua, na mjomba hakujua kwamba Agata miaka yote alikuwa akimalizia kukikausha juu ya moto. Nikaonja ya ndizi, nayo ilikuwa imeanza kuwa siki. Ya asali sikuimaliza.

Mjomba alikuwa ananitazama. "Ikoje?"

Watu wote waliokuja pale tangu msiba walikuwa wamemjibu kwamba ni nzuri. Nilijua, kwa sababu niliwasikia njiani. Walikuwa wakimwonea huruma. Walikunywa kikombe kimoja, wakasifu, wakaaga mapema, na Jumapili iliyofuata wakapitia kwingine.

Nikasema, "Mjomba, imeharibika. Kimea kina ukungu."

Tone la maji lilikuwa likidondoka kutoka kwenye makuti, likaanguka palepale, na palepale tena.

"Watu wanakunywa," akasema.

"Wanakunywa kikombe kimoja, mjomba."

Akachukua kikombe mkononi mwangu, akamwaga kilichobaki. "Nenda nyumbani, Tekla."

Nikaenda. Mama aliponiuliza, nilimwambia nimesema ambacho wengine wameogopa kusema, na nilijiona mtu jasiri kidogo. Sikurudi kule. Jumapili ikapita, na nyingine, na nyingine. Kutoka shambani kwetu tuliweza kuona moshi wa kibanda cha mjomba ng'ambo ya bonde; sasa nilitazama, sikuona moshi. Niliona migomba tu na ukungu ukipanda kutoka mtoni. Nilisema moyoni kwamba ananikasirikia, na mtu akikukasirikia humfuati.

Siku moja akaja yeye. Alipanda kile kilima cha kwetu polepole, akiwa na fimbo, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Mama akaingia ndani kutafuta cha kumpa. Mjomba akanigeukia, akaanza kuongea, taratibu kama kawaida yake.

"Tekla, uliniambia kweli. Sina neno juu ya hilo. Wale waliosifu walikuwa wananiaga, sikuelewa. Lakini wewe uliniambia kisha ukaondoka."

"Ulinifukuza, mjomba."

"Nilikufukuza, ndiyo. Mtu aliyefiwa anafukuza. Ulipaswa kukaa hata kule nje, kwenye migomba. Wao wameondoka wakisifu, wewe umeondoka ukikosoa. Mimi nimebaki palepale. Kwangu mna tofauti gani?"

Machozi yalinitoka, naye hakunibembeleza. Alingoja yaishe, ndipo akaniambia lililomleta.

"Sisikii ladha. Tangu tumzike Agata, kila ninachokitia kinywani ni maji. Ugali maji, chumvi maji. Nimepika masika yote bila kujua ninapika nini. Naona aibu kumwambia mtu mwingine."

Kesho yake nilikwenda, na tangu hapo nikawa nakwenda kila siku ya kupika. Tulikausha kimea juu ya moto mdogo, tukikigeuza kwa mikono. Pombe ilipoiva nilichota, nikaweka chini ya ulimi kama Agata, nikasema, "Bado."

Mjomba akatikisa kichwa. "Hilo neno lilinitosha zamani, kwa sababu na mimi nilionja. Sasa halinitoshi. Niambie ina ladha gani."

Hapo ndipo nilipopata shida, mwanangu, maana mtu hunywa maisha yake yote bila kuulizwa hivyo. Nilianza kwa kubabaika. Nikajifunza. Nilimwambia, hii ya ndizi inanuka kama ndizi iliyolala na maganda yake. Ikifika katikati ya ulimi kuna moshi. Inaposhuka inapasha kifua, haichomi. Akauliza, "Moshi mwingi?" Nikasema, "Wa kutosha." Kuhusu ya asali nilimwambia, inakudanganya mdomoni kwa utamu, halafu inakuuma nyuma ya ulimi, kisha masikio yanapata moto, na baada ya muda unabakiwa na harufu ya maua usiyoyajua. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza habari za mtu wa kwao aliye mbali. Kisha akasema tupunguze maji, au tuongeze siku, na mara nyingi alipatia.

Watu walirudi. Si wote. Waliorudi walikaa zaidi ya kikombe kimoja, na mjomba aliwauliza na wao, "Niambie ina ladha gani," wakacheka, kisha wakajaribu kumwambia.

Ladha yake ilikawia kurudi, na haikurudi yote. Jioni moja alikuwa na kikombe cha ulezi mkononi, akakinywa kwa mazoea tu, mara akakishusha.

"Tekla. Kuna uchungu mwishoni."

"Upo, mjomba. Siku zote upo."

Alikunywa kile kikombe kidogo kidogo mpaka kikaisha, amegeuza uso kuelekea migombani, na mimi nilikaa pale karibu yake, nikaendelea kuchambua ulezi wa kesho. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Uchungu aliusikia mpaka mwisho, utamu haukumrudia.

Siku hizi nakaa Bigwa, karibu na mjini. Mama hayupo, dada yangu hayupo. Mjukuu wa dada yangu, Deo, amefungua kiwanda kidogo cha bia si mbali na kwangu: mapipa ya chuma yanayong'aa, chupa zenye lebo nzuri, vijana kutoka Dar wanakuja mwisho wa wiki, wanapiga picha na kusifu. Juzi alinipangia glasi ndogo mezani. "Bibi, onja hizi kali."

Bia nyeusi niliipenda. Ina ladha ya kahawa iliyokaangwa na sukari iliyoungua kidogo, nzito, inatulia kinywani bila haraka. Ya ndizi ameitia mdalasini wa Matombo, na mdalasini umeongea peke yake, ndizi imebaki nyuma. Iliyo kali kuliko zote inapasha masikio, kisha hakuna kitu; umemeza moto, basi.

Nilimwambia hivyohivyo. Uso ukamshuka.

"Bibi, mbona wote wameisifu?"

"Najua, baba."

Akaenda kuosha mapipa bila kuniangalia. Mimi nikavuta kreti, nikakaa. Nilikaa mchana kutwa. Aliosha, akafuta, akazungukazunguka, mpaka mwisho akaja, akavuta kreti lake, akaniuliza, "Sasa hiyo ya ndizi, niipunguzie mdalasini kiasi gani?"

Nikitoka pale narudi kwenye nyumba yenye sufuria moja jikoni. Napika, nakula, na hakuna wa kuniambia chumvi imezidi. Huenda imezidi siku nyingi. Ndiyo maana nakueleza haya ningali na nafasi.

Mwanangu, ukimwona mtu wako kazi yake imeharibika, usimsifu ili upate kuondoka salama. Mwambie kweli, kwa maneno anayoweza kuyafanyia kazi. Akikufukuza, sogea nje kidogo, kaa hapo, ngoja. Na ukisifiwa na kila mtu, hesabu wanaobaki baada ya sifa. Usione haya kumwambia mmoja wao kwamba husikii tena ladha.

Mungu akujalie ulimi wa kweli na miguu isiyo na haraka ya kuondoka. Akupe mtu wa kukuambia chakula chako kina chumvi nyingi, na akishakuambia, asogeze kiti, mle pamoja.