Nilizifuta Salamu

Kitabu cha Kiingereza nilichokikuta katika chuo cha ufundi, Kasulu, kilifundisha kuagiza chai hotelini na kuuliza njia ya uwanja wa ndege. Wanafunzi wangu walikuwa mafundi cherehani, maseremala na mafundi pikipiki. Nilikitupia kabatini, nikaanza kutunga changu: karatasi zisizoshonwa, kila moja na mazungumzo mafupi, ili kila fundi achague zinazomhusu na azipange apendavyo.

Sikutulia. Nilikata, nikabandika, nikachapa upya. Kilichonitia wazimu ni salamu. Huku kwa Waha mtu hatoi shida yake kabla hajapiga makofi taratibu na kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mifugo. Wanafunzi walifanya vivyo hivyo kwa Kiingereza, na kipindi kiliisha mteja hajaitaja suruali yake iliyochanika. Mimi mtu wa kuja, nisiye na subira, nikazifuta salamu zote.

Mwanafunzi mmoja wa ushonaji, mama mjane mwenye watoto wanne, aliitwa kwenye karakana moja huko Kibondo kusailiwa kazi ya kufundisha mabinti kushona. Usaili ulikuwa wa Kiingereza. Aliniomba karatasi ya salamu. Nilimjibu kwa mkato kwamba wataulizia kazi, si habari za mbuzi, na nikamwonya asitie neno la Kiha wala la Kiswahili mle ndani. Akacheka kidogo, akachukua karatasi za cherehani, akazikariri zote.

Siku ya usaili sikuweza kukaa chini. Nilichungulia simu mpaka darasa zima likanitania.

Alirudi kesho yake, akaja ofisini. Alinipigia makofi, akauliza habari za nyumbani kwangu moja baada ya nyingine, nami nikajibu huku miguu ikinicheza chini ya meza. Ndipo akasema wamemchukua mwingine. Msimamizi wa karakana, mama mtu mzima wa hukohuko Kibondo, alikuwa amemwambia kwamba Kiingereza anakijua, lakini mtu anayeingia kwa watu na kuanza moja kwa moja na sindano, yeye hawezi kumkabidhi mabinti.

"Kwani mama, hukuwasalimia?" nilimwuliza, na aibu ikanishika kabla sijamaliza.

"Nilifanya ulivyonifundisha, mwalimu," akasema.