Maneno ya Mlangoni

Katika idara ya mipango miji walimwita Mama Rula, na jina hilo hawakumpa kwa heshima. Alikuwa mchora ramani wa mwisho wa mkono. Wenzake waliokuwa wakiinama juu ya meza za mshazari, vidole vimelowa wino, walikwisha kustaafu au kuzikwa, na meza zao zilipasuliwa zikawa rafu za kuwekea printa. Yeye alibaki kama jino moja kinywani mwa kibogoyo. Halafu ikaja amri: mchoraji ajifunze utafiti na tathmini. Akifaulu, atahamishiwa kitengo kipya. Asipofaulu, aende nyumbani, maana ramani za mkono hazina tena wa kuzitazama.

Zamani kuujua mji hakukuhitaji cheti. Mpimaji aliyetaka kujua njia ipite wapi alitazama nyasi zilipokufa kwa kukanyagwa, akachora hapo. Akitaka kujua watu wanasema nini, aliomba maji ya kunywa, akakaa kibarazani mpaka kivuli kikamhama. Siku hizi mtu anaulizwa hali yake na kishikwambi, na kishikwambi hakinywi maji.

Hata hivyo Mama Rula alijifunza. Kila alasiri alikaa mstari wa mbele, miwani imeshuka puani, akimsikiliza mwalimu, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo asiyerudia neno. Alijifunza kuteua nyumba kwa kura badala ya kuchagua zile zenye kivuli. Alijifunza kutunga swali lisilomsukuma mtu kwenye jibu. Na sheria moja aliishika kama amana: dodoso likifungwa, limefungwa, mtafiti asiongeze neno lake.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kazi ya kweli. Idara ilikuwa imejenga daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, ikakizungushia kivuko cha zamani uzio wa waya. Watu wakaukata waya, wakapitia kwenye tundu. Mkurugenzi alitaka kuuondoa waya na kusimamisha ukuta wa matofali, ila kwanza ithibitishwe kwamba daraja linawafaa wakazi. Kuthibitisha ndiyo kazi aliyopewa Mama Rula. Ripoti ikipita, kiti chake kitabaki kiti chake.

Aliifanya vizuri kuliko wote. Mwanafunzi mwenzake, kijana waliyemwita Bwana Asilimia kwa kupenda kwake tarakimu, alirudi kila siku na nusu ya nyumba zake hazijajibu.

"Mama Rula, mimi nafungiwa milango, wewe unawekewa viti. Unawaroga?"

"Nawaamkia, mwanangu. Wewe unawaanzia na swali la kwanza kama askari aliyekuta mlevi."

"Nikiwaamkia wote nitamaliza mwakani."

"Basi maliza mwakani ukiwa na majibu."

Majibu yake yalikuwa mazuri mno. Karibu kila nyumba ilisema daraja linatosha, tunashukuru. Mkurugenzi alipopita darasani na kusikia hivyo, alimpigia simu mkandarasi wa ukuta palepale.

Siku moja kabla ya kuwasilisha, ilibaki nyumba ya mwisho kwenye kura. Ilikuwa ya shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu meno ya utoto. Mama Rula hakuibadilisha. Kura ni kura.

Alikaribishwa, akaketi, akafungua kishikwambi, akauliza kwa sauti ileile aliyowaulizia wageni.

"Je, daraja jipya linakidhi mahitaji yako ya kuvuka?"

"Linakidhi, mwanangu. Tunashukuru sana."

"Una malalamiko yoyote kuhusu daraja?"

"Nilalamike nini, na mtu ametoka ofisini mpaka kwangu kuja kuniuliza?"

Akabonyeza, akafunga. Shangazi akajitanda khanga, akatoka kumsindikiza, maana alikuwa na kliniki ng'ambo ya barabara. Walipofika kwenye geti la mabati akashika nguzo, akapumua.

"Ila magoti tu, mwanangu. Zile ngazi waliwajengea mbuzi."

"Sasa kliniki unavuka vipi?"

Shangazi akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza maji yanatoka wapi. "Kama wote," akasema.

Akaenda. Mama Rula akamfuata mpaka kando ya uzio, kishikwambi kimebanwa kwapani. Akamwona bibi yule akiinama, akipenyeza bega kwenye tundu, kisha mguu, kisha ule mguu mwingine unaohitaji kubebwa kwa mikono. Khanga ikanasa kwenye waya. Lori la kokoto lilikuwa likishuka mlima, na dereva alikuwa akipiga honi pasipo kukanyaga breki. Shangazi akavuta nguo, haikutoka. Akavuta tena. Mama Rula akaukamata waya. Khanga ikachanika, bibi akapiga hatua, akasimama kwenye mstari mweupe wa katikati, mwembamba kama ufagio, lori likapita mgongoni mwake na basi likapita mbele ya uso wake. Vumbi lilipotulia alikuwa ng'ambo, anajipangusa. Hakugeuka nyuma. Ilikuwa safari yake ya kawaida.

Mama Rula aliushikilia waya mpaka ukamchoma kiganja. Si hofu peke yake iliyomshika. Nyumba zote zilikuwa zikimrudia, mlango kwa mlango. Fundi viatu aliyesema daraja zuri, kisha akimfungulia mlango atoke: "Ila ukiwa na mzigo, mh." Mama wa mapacha: "Linatufaa, ila na hawa mgongoni, wee acha tu." Mzee wa mkongojo aliyecheka: "Ila mimi ni mtu wa tundu." Aliyasikia yote, akaitikia kwa kichwa, hakuandika hata moja. Dodoso lilikwisha kufungwa. Aliambiwa asiongeze neno lake, naye akaacha na maneno yao.

Watu wetu ukiwauliza hali wana homa watasema hawajambo. Ugonjwa unakuja mwisho, mgeni akishasimama. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo darasani, kila mtu alizaliwa nalo. Mama Rula pia alizaliwa nalo, na miezi michache ya kishikwambi ilitosha kumsahaulisha.

Asubuhi ya kuwasilisha, chumba cha mikutano kilikuwa na joto la pumzi za watu. Mkurugenzi alikaa mbele, hati ya ukuta mezani, kalamu imeshavuliwa kifuniko. Mkandarasi alikuwa nje kwenye benchi, viatu vyake vinaonekana chini ya mlango. Bwana Asilimia akamnong'oneza Mama Rula: "Taja namba, kaa chini, tukanywe chai."

Akasimama, akaonyesha jedwali. Namba zilikuwa ndefu na nzuri kama meno ya tangazo.

"Safi," akasema mkurugenzi. "Kisomo cha namna hii ndicho ninachokitaka mimi." Akavuta hati karibu.

Mama Rula aliona ncha ya kalamu ikigusa karatasi. Alifikiria kiti chake, na pensheni iliyokuwa bado haijaiva, na mume aliyemwambia asubuhi ile, nenda ukaseme ulichotumwa urudi salama.

"Naomba usitie sahihi, mkurugenzi. Matokeo haya si sahihi."

Kalamu ikasimama. "Nani kayakosea?"

"Mimi."

"Watu wamesema kwa vinywa vyao wameridhika. Unataka kuwakanusha?"

"Nimewauliza wakiwa wamenipa kiti. Wakanijibu kama mgeni. Yaliyo moyoni waliniambia mlangoni nikiondoka, na hayo sikuyaandika. Hawakudanganya. Nilifunga dodoso kabla hawajaanza kusema."

"Maneno ya mlangoni," mkurugenzi akacheka kidogo, akimtazama mwalimu. "Hayo nayo yamo kwenye kozi yako?"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa akimtazama Mama Rula bila kupepesa.

"Unafuta data yako?" mwalimu akauliza.

"Naifuta."

"Kanuni unaijua. Anayefuta anaanza upya na kundi lijalo."

"Naijua. Na ofisi hainingojei mpaka kundi lijalo."

Bwana Asilimia aliinamisha kichwa. Viatu vya mkandarasi vilijisogeza.

"Basi hakuna matokeo," mwalimu akamwambia mkurugenzi, "na ukuta haujengwi juu ya ripoti iliyofutwa. Asimamishwe mtu pale kwenye tundu atazame miguu. Miguu haina adabu, inakwenda inakotaka."

"Na huyu?"

"Amefeli," akasema mwalimu, upesi, akaandika bila kuinua uso.

Mkurugenzi akarudisha kifuniko cha kalamu. Alikifunga taratibu, kama mtu aliyekwisha kuamua kuwa hati ile ataileta tena siku nyingine, mbele ya mtu mwingine. Tundu likabaki tundu. Malori nayo yalibaki malori.

Mama Rula akatoa rula zake kwenye droo, ile ya chuma na ile ya mti iliyokatika ncha, akazifunga kwenye gazeti. Hakuna aliyemsindikiza. Siku hizi mtu anaondoka kazini kama anayetoka dukani.

Alipita kwa shangazi. Akawekewa kiti, akapewa maji, akayanywa yote. Khanga iliyochanika ilikuwa kambani, imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Habari za kazi?"

"Nzuri, shangazi. Tunashukuru."

Wakazungumza mengine: bei ya mkaa, jirani aliyemwoza binti yake. Kisha Mama Rula akasimama, akabeba kifurushi chake cha rula, na shangazi akatoka naye hatua kwa hatua mpaka kwenye geti la mabati. Akashika nguzo. Komeo akaliacha limefungwa.

"Ila?" akasema.