Herufi Moja, Watu Wawili

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la vyeti, Ngara mjini. Mbele yangu alisimama baba mmoja wa Kibimba na binti yake aliyepata nafasi chuo kikuu. Bila cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa asingeweza kuomba mkopo, na maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Karani alilaza vyeti viwili sambamba, akavigonga kwa kalamu.

"Mzee, hapa nina watu wawili. Aliyezaliwa jina lake lina R. Aliyemaliza kidato cha sita ana L."

"Ni mmoja, bwana. Nimemzaa mwenyewe."

"Mfumo haujui uzazi. Kalete hati ya kiapo, halafu usubili wiki tatu tulekebishe."

Nilimtazama usoni. Wala hakusikia R zilivyogeuka L mdomoni mwake.

"Wiki tatu! Si Ijumaa wanafunga?"

"Basi apumzike mwaka mmoja. Watoto wa wakubwa wanapumzika kwa kupenda."

Binti alikuwa anaikunja bahasha yake ya kaki, akaikunja tena, mpaka ikaingia kiganjani.

"Baba, yule mama wa hoteli pale Nyakanazi, anayetafuta mtu wa kuosha vyombo, anataka cheti?"

"Hataki," baba akajibu, macho chini.

"Basi mpigie. Mwambie naanza Jumatatu."

Wataalamu hutuandikia kurasa nzima jinsi kijana anavyopaswa kuchagua kati ya chuo, mapumziko na kazi. Tunawashukuru. Huyu alichagua palepale dirishani, amesimama, kwa kutafuta tu mahali watakapompokea bila kumuuliza yeye ni nani.